Uhuru wa Jaji Nyamizi

Nchi yetu ina mahakama. Naanza na hilo kwa sababu wageni huwa hawaamini mpaka waoneshwe nguzo zake na feni inayozunguka. Jina la nchi sitalitaja. Siku hizi kulitaja kunahitaji kibali, na mwenye mhuri wa vibali amesafiri nao. Ila ukifika mahali ambapo watu husimama wima redio inapokohoa, jua umefika kwetu.

Redio ndiyo iliyoleta mambo yote haya.

Siku moja Mlezi Mkuu wa Taifa, Mtukufu Kandawala, alikuwa akipita na msafara wake katika mtaa anaokaa Bi. Tausi Mkwizu, mjane anayepika maandazi. Nyumba ya Bi. Tausi ilikuwa imepakwa rangi ya kijani iliyokolea, kwa sababu marehemu mumewe aliipenda. Mlezi Mkuu akachungulia dirishani mwa gari, akasema, "Nyumba ile inaniumiza macho." Kisha akaendelea kula karanga zake, na nina hakika alishasahau kabla hawajakata kona.

Lakini msaidizi wake alikuwa ameandika. Mtangazaji akasoma. Taarifa ya habari ya mchana ikasema kwamba nyumba inayoumiza macho ya taifa itavunjwa, na kabla wimbo wa taifa haujaisha, tingatinga lilikuwa mlangoni. Dereva wake alikuwa mtu wa adabu sana. Alimsaidia Bi. Tausi kutoa kitanda.

Msishangae. Kwetu kauli ya Mlezi Mkuu ilikuwa sheria. Haikuandikwa popote, lakini wote tuliijua kama tunavyojua kupumua. Akisema joto limezidi, mkuu wa Idara ya Hali ya Hewa hufukuzwa kazi. Aliwahi kusema "haya, basi" alipokuwa akimaliza mazungumzo ya simu na shemeji yake, Bunge likavunjwa, na tukalazimika kupanga foleni za kura upya.

Bi. Tausi alikwenda mahakamani. Hakuwa shujaa. Alikwenda kwa sababu alikuwa akilala kwenye veranda ya kanisa, mvua ikimpiga miguuni, na mahakama ndiyo nyumba pekee mjini iliyokuwa wazi kila siku na isiyo na watu.

*

Shauri lake liliangukia mikononi mwa Jaji Nyamizi Lutego, kwa kuwa majaji wengine wote waliumwa tumbo asubuhi ile.

Jaji Nyamizi alikuwa mwanamke mrefu wa miaka hamsini na kitu, mwenye sauti ya chini, asiye na mume wala mtoto. Alikuwa na dada mmoja tu, Kabula, ambaye alimlea baada ya mama yao kufariki. Kabula aliacha shule ili mdogo wake asome, akauza mchicha na mihogo mpaka Nyamizi akavaa joho. Tangu hapo, kila Jumapili baada ya misa, jaji alikwenda kwa dada yake Mikoroshini, akavua viatu, akala ugali kwa mkono, akakaripiwa kama mtoto kwamba hali chakula cha kutosha. Wanaomjua wanasema hapo tu ndipo alipocheka.

Alimsikiliza Bi. Tausi. Akamsikiliza na Wakili wa Serikali, aliyezungumza kwa ufasaha mkubwa kwamba macho ya Mlezi Mkuu ni miundombinu ya taifa. Kisha akasoma hukumu yake, na ilikuwa fupi:

"Katiba inasema sheria hutungwa na Bunge. Haisemi kwamba hutungwa dirishani mwa gari. Mlezi Mkuu akisema, amesema tu, kama mimi na wewe tunavyosema. Nyumba ya mdai ijengwe upya, kwa rangi anayoitaka mwenyewe."

Bwana Likwata, karani wa mahakama, ambaye kazi yake ni kupiga kelele za "Kimya mahakamani!", alifungua mdomo akakuta hakuna cha kunyamazisha. Hata feni ilionekana kusita.

*

Tuliporudi majumbani tulifunga milango tukingoja kusikia kwamba jaji amekamatwa. Tulikuwa tunaidharau serikali yetu. Serikali yetu ni ya kistaarabu.

Jioni redio ilikohoa, tukasimama. Akazungumza Waziri wa Sheria na Utii, Mheshimiwa Chonjo.

"Ndugu wananchi," alisema, "Serikali imeipokea hukumu ya mahakama kwa mikono miwili, na ingekuwa na mikono zaidi ingeitumia yote. Tumefurahi kugundua kwamba tuna jaji huru. Sasa swali ni moja: tutaulindaje uhuru huu? Jaji huru ni jaji asiyeshawishiwa. Na ni nani wanaomshawishi mtu? Ni watu! Mtu akikuuliza umeamkaje, tayari ameshakugusa moyo. Akikuuliza habari za nyumbani, ameshaingia nyumbani. Serikali haiwezi kukaa kitako ikitazama hazina hii ikichezewa na salamu."

Kwa hiyo ikatungwa Sheria ya Kulinda Uhuru wa Jaji. Na kwa kuwa Mlezi Mkuu alikuwa ameshafundishwa na mahakama kwamba sheria hupita Bungeni, hii ilipita Bungeni, hatua kwa hatua, bila kuruka hata moja, huku wabunge wakipiga meza. Haikuwa na kasoro popote.

Sheria ilisema kwamba ni kosa la jinai kwa mtu yeyote kumwendea Jaji Nyamizi, kumsemesha, kumwandikia, kumpigia simu au kumpungia mkono. Waliosamehewa ni watatu. Wa kwanza, mwenye shauri, akiwa ndani ya mahakama na shauri likiendelea. Wa pili, karani wa mahakama, lakini kwa maneno ya kazi yake tu. Wa tatu, Waziri mwenyewe, kwa sababu Waziri si mtu, ni ofisi. Ulinzi huo ungeendelea mpaka jaji astaafu, au mpaka aipitie upya ile hukumu yake na kuiweka sawa.

Bi. Tausi alijengewa nyumba yake, kijani kabisa, kama mahakama ilivyoamuru. Ikazungushiwa ukuta uliozidi paa. Akawa anawasha taa mchana ili aone unga.

*

Jumapili ya kwanza, Jaji Nyamizi alikwenda kanisani. Alipokaa, benchi lote likahamia upande wa pili, na jamani, halikuhama kwa chuki. Mama mmoja alikuwa analia wakati anahama. Wakati wa kupeana amani alisimama na mkono wake mbele, akaushusha. Alipotoka alikuta askari, Konstebo Mrutu, aliyepewa kazi ya kumlinda dhidi ya watu. Konstebo naye hakuruhusiwa kumsemesha. Akamwonesha kwa kidole njia ya kwenda nyumbani kwake. Ya kwenda Mikoroshini alikuwa ameiziba kwa mwili wake.

Sokoni wauzaji walitazama mawingu alipokuja. Alijichagulia nyanya, akajipimia, akaacha hela mezani na kuondoka, na ndipo tu walipoona kwamba hakukuwa na mawingu. Majirani zake walihamishwa wote kwa ajili ya usalama wa uhuru wake. Nyumba zao zikabaki na mapazia yake, na kuku mmoja aliyesahauliwa, ambaye hakuwa ametajwa katika sheria. Watu wanasema jaji aliongea na yule kuku. Mimi sikusikia, nasema kama nilivyoambiwa.

Kila asubuhi alivaa joho akaenda kazini. Mashauri hayakuwepo, maana nani apeleke shauri kwa jaji anayelindwa kiasi hicho? Lakini mahakama ni mahakama. Bwana Likwata alisimama mbele ya mabenchi matupu akapaza sauti: "Mahakama, simameni!" Hakuna aliyesimama. Jaji akaingia, akainama, akaketi. Baada ya muda Bwana Likwata alisema, "Mahakama inaahirishwa!" Basi.

Hayo ndiyo maneno pekee aliyoambiwa kwa mwaka mzima na zaidi. Bwana Likwata, mtu mzima mwenye wajukuu, alijitahidi kuyafanyia kazi. Siku za kawaida aliyasema kama yalivyo. Siku ya Krismasi aliyasema kwa kuyavuta, karibu kuyaimba. Na asubuhi moja, jaji alipoingia macho yamevimba, alisema "Mahakama, simameni" polepole sana, kama mtu anayemwambia mwenzake pole. Jaji alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akafungua kabrasha tupu akaanza kulisoma.

*

Kabula hakuwa mtu wa kukaa. Kwanza alifungua shauri la kupinga sheria yenyewe. Jaji Nyamizi hakuweza kulisikiliza kwa kuwa linamhusu, likasikilizwa na majaji wenzake, ambao matumbo yao yalikuwa yamepona. Waliandika hukumu nzuri ndefu iliyosema kwamba upweke si madhara yanayotambuliwa na sheria, kwa kuwa haupimiki, hauna harufu, na haujawahi kupigwa picha.

Basi Kabula akamfuata jirani yake, Bwana Zomboko.

"Zomboko, mbuzi wako waliwahi kula mchicha wangu."

"Dada Kabula, hiyo ilikuwa enzi za marehemu mke wangu. Nilikulipa."

"Najua. Nataka kukushtaki tena."

Bwana Zomboko alimtazama usoni, akaelewa. "Haya," akasema. "Nivae suti?"

Shauri likapelekwa kwenye mahakama pekee iliyokuwa na nafasi. Siku ile Bwana Likwata alipopaza sauti ya "simameni," watu wawili walisimama, na sauti ikamkatika katikati.

Jaji Nyamizi aliingia, akamwona dada yake pale mbele, ameshika kikapu, amefunga kitambaa chake cha Jumapili. Alikaa chini kabla ya kuinama.

"Mdai, taja jina lako."

"Unalijua."

"Kumbukumbu za mahakama hazilijui."

"Kabula Lutego. Umekonda."

"Mdai ajibu anachoulizwa."

"Nimejibu. Umekonda mno. Unakula nini?"

Konstebo Mrutu alijongea. Lakini mdai yuko ndani ya mahakama na shauri linaendelea. Sheria ilikuwa upande wa Kabula. Konstebo akarudi nyuma.

"Dai lako ni nini?" jaji akauliza, na waliokuwepo nje ya dirisha wanasema sauti haikuwa ya kijaji.

"Mbuzi wa huyu bwana wamekula mchicha wangu."

"Wamekula, Mheshimiwa," akasema Bwana Zomboko. "Nakubali kabisa. Na wiki ijayo watakula tena, ikikupendeza."

Jaji aliangalia meza. Kuna swali ambalo kila jaji hupaswa kujiuliza kabla shauri halijaendelea, na hakuna mtu mwingine yeyote nchini ambaye angemuuliza siku ile. Wakili wa Serikali hakuwepo. Konstebo hakulijua. Angeweza kulipita tu, na kesi ya mchicha ingeendelea kwa miaka, kila wiki, wakiongea.

"Lazima niseme kama mdai ana undugu na jaji," alisema mwishowe.

"Nyamizi," Kabula akasema. "Usiseme."

"Sheria inataka."

"Sheria ipi tena? Ile iliyokufungia kama mgonjwa wa kipindupindu? Nani amekuuliza?"

"Hakuna aliyeniuliza, dada."

Neno "dada" lilikuwa limeshatoka.

"Mdai ni dada yangu," akamwambia Bwana Likwata, ambaye aliandika huku anapepesa macho. "Siwezi kusikiliza shauri hili. Lipelekwe kwa jaji mwingine."

"Hata la mchicha?" Kabula akauliza.

"Hata la mchicha. Nikilisikiliza hili, siku ya pili watasema na lile la Bi. Tausi nililisikiliza kwa undugu."

Shauri likawa limeisha. Konstebo Mrutu akaweka kidole mdomoni. Kabula alikiinua kikapu chake akakiweka mezani kwa jaji. Kilikuwa na viazi vitamu vya kuchemsha, bado vinatoa mvuke. Jaji alikitazama. Kisha akakisukuma taratibu upande wa karani, kwa kuwa jaji hapokei kitu kutoka kwa mdai. Kikapelekwa stoo ya vielelezo, kikaozea huko.

Katika shauri la mchicha, jaji mwingine aliwapa mbuzi ushindi.

*

Baada ya hapo Waziri Chonjo alikwenda kumtembelea ofisini, na chupa ya chai.

"Usiogope, Mheshimiwa," alisema. "Mimi si mtu."

Akammiminia chai. Akamweleza jinsi hukumu yake inavyopendwa na Serikali. Kwamba Mlezi Mkuu mwenyewe ameitundika sebuleni. "Hatutaki uifute. Mungu apishe mbali! Tunaomba uongeze neno moja tu pale mwisho. Neno 'isipokuwa'."

"Isipokuwa nini?"

"Wewe andika 'isipokuwa'. Huko mbele tutamalizia sisi, usijisumbue."

Jaji alikunywa chai yake. Ilikuwa chai ya kwanza kumiminiwa na mkono mwingine tangu sheria ipite, na alipouliza swali lililofuata alikuwa ameshakishika kikombe kwa mikono yote miwili.

"Dada yangu yu hali gani?"

"Aa, dada," Waziri akasikitika, kwa ustadi. "Presha. Alianguka kisimani wiki iliyopita. Wakamwokota. Anakutaja taja. Ukiandika sasa hivi, Jumapili unakula naye."

Akamwekea kalamu mezani. Jaji akaichukua. Nasema kweli, aliichukua, akakivuta kile kitabu cha hukumu, akatafuta ule ukurasa wa mwisho.

"Mheshimiwa," jaji akasema, "nimeona tingatinga limeoshwa. Linakwenda wapi?"

"Lile? Ah. Mambo ya kawaida. Kuna mtaa kule bondeni unaumiza macho kidogo."

"Nyumba moja?"

"Mtaa," akasema Waziri. "Lakini mdogo."

Jaji alifunika kalamu na kumrudishia. Waziri akakusanya vikombe vyake bila kinyongo, maana ofisi haina kinyongo, akasema atarudi. Bwana Likwata, aliyekuwa mlangoni, alimsikia jaji akilia ndani, na katika maneno yote ya kazi yake hakukuwa na hata moja la kumfaa. Akasimama tu pale nje na mkono wake juu ya mlango.

*

Sasa nieleze jinsi Mlezi Mkuu alivyopumzishwa.

Mtukufu Kandawala alikwenda kung'olewa jino. Akiwa kwenye kiti, mdomo wazi na ganzi imemkolea, msaidizi wake, Bwana Lugome, alikwenda redioni akatangaza: "Mtukufu Kandawala amechoka." Sisi tulisimama. Kauli ikawa sheria, na Bwana Lugome akawa Mlezi Mkuu. Mtukufu Kandawala alipotoka kwa daktari na pamba mdomoni, hakukuwa na gari, wala msafara, wala king'ora, ila mwanamke mmoja aliyekuwa akifagia barabara, naye akatazama mawingu.

Kesho yake redio ikatangaza kwamba kila nyumba ya Bwana Kandawala sasa ni mali ya taifa. Alikuwa nazo nyingi. Aliziachia bila neno. Lakini ilitajwa pia ile ya kijijini, aliyojengewa mama yake na wajomba zake, yenye kaburi la mama huyo uani. Hapo ndipo alipoanza kutafuta wakili. Mawakili wote waliumwa tumbo.

Akaja mahakamani kwa miguu.

"Mahakama, simameni!" akasema Bwana Likwata, na yule mzee mmoja, mwenye shavu lililovimba, akasimama kwa kushika benchi.

"Mdai, taja jina lako," akasema Jaji Nyamizi.

"Kandawala."

"Majina yote, pamoja na vyeo."

"Siku hizi ni hilo tu."

Alieleza habari ya nyumba ya mama yake. Alieleza vibaya, kwa kuwa alikuwa amezoea kuelezewa. Jaji akamuuliza anategemea sheria gani, naye akatazama viatu vyake.

"Mlezi Mkuu akisema, amesema tu," alinong'ona.

"Mahakama haijasikia."

"Mlezi Mkuu akisema, amesema tu!"

Wakili wa Serikali akasimama, yule yule wa siku ya Bi. Tausi, na kwa ufasaha ule ule akathibitisha kwamba kauli ya Mlezi Mkuu ni sheria, na kwamba yeye binafsi alifundishwa jambo hilo na mdai aliyeko mbele yetu, ambaye atabaki kumshukuru daima.

"Mdai ana neno la mwisho?" akauliza jaji.

Kandawala alifikiri. "Ninalo," akasema. "Si la nyumba. Ni lile la sheria yako, ya kukulinda. Watu wanadhani aliiandika Chonjo. Chonjo hawezi. Niliiandika mimi mwenyewe, kwa mkono. Niliwakataza watu wasikujie. Wewe sikukukataza kwenda kwa watu. Uliliona hilo?"

"Niliisoma sheria."

"Niliacha makusudi. Nilijua utachoka. Nilisema, atakuja Ikulu mwenyewe, kwa miguu yake, akae mbele yangu aniombe. Nikawaambia wakuwekee kiti. Kilikuwa pale kila siku, mpaka juzi waliponing'oa jino." Akajipapasa shavu. "Hukuja."

"Jaji haendi kwa watu," akasema Nyamizi. "Watu huja kwa jaji. Nilifundishwa hivyo na nikaona fahari."

"Mimi pia nilifundishwa hivyo. Nilikuwa nakula peke yangu, nakitazama kile kiti. Ungekuja, labda hata nisingetaka uombe."

Jaji alisoma hukumu papo hapo: kwamba katiba haijabadilika kwa kuwa aliyekalia kiti amebadilika, kwamba nyumba ya mama yake Kandawala ni ya Kandawala, kwamba Mtukufu Lugome amesema tu. Hakuongeza "isipokuwa". Mzee alifungua mdomo amshukuru, lakini shauri lilikuwa limeisha, na Konstebo Mrutu aliweka kidole mdomoni. Kandawala alikitazama kile kidole kwa mshangao, kama mtu anayeona maandishi yake mwenyewe ukutani mwa mtu mwingine. Akainama, akatoka.

Redio ilitangaza kwamba Mtukufu Lugome ameiheshimu hukumu mno, na kwamba Sheria ya Kulinda Uhuru wa Jaji itaendelea, kwa kuwa sasa imethibitika kwamba inafanya kazi.

*

Jaji Nyamizi hakungoja redio. Alivua joho akalikunja juu ya kiti. Majaji kwetu hutoka kwa mlango wa nyuma. Yeye alishuka ngazi zile za mbele, za wananchi. Bwana Likwata akapaza sauti, "Mahakama inaahirishwa!" na sauti yake ilimsindikiza mpaka getini.

Alitembea kwenda Mikoroshini. Konstebo Mrutu alimkimbilia, akasimama mbele yake, akaitoa sheria mfukoni na kuisoma barabarani huku midomo ikicheza. Ilikataza watu kumwendea jaji. Akaisoma tena. Kisha akapisha, akamfuata nyuma.

Kabula alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba yake, mguu mmoja umefungwa bendeji, akimwangalia bila kuamini mtu anayekuja. Akajaribu kusimama. Akafungua mdomo.

"Ukimsemesha nakukamata, mama," Konstebo akasema. "Naomba usinifanye hivyo."

Nyamizi akatikisa kichwa haraka, akamwekea dada yake mkono begani. Kabula akafunga mdomo. Wakatazamana. Hakuna aliyejua la kufanya baada ya hapo, na majirani waliokuwa wakichungulia wanasema ilikuwa vigumu kutazama.

Kisha Kabula akazitazama nywele za mdogo wake. Hakuna msusi mjini aliyethubutu kuzigusa muda wote ule. Zilikuwa zimejisokota na kuingia mvi. Kabula akaguna, akaingia ndani akichechemea, akarudi na kitana na kopo la mafuta ya nazi. Akakaa kwenye kigoda. Jaji wa Mahakama Kuu akavua viatu, akakaa chini kwenye vumbi, katikati ya magoti ya dada yake.

Konstebo Mrutu alifunua kurasa zote, mbele na nyuma. Kumwendea, kumsemesha, kumwandikia, kumpigia simu, kumpungia mkono. Akapiga simu kituoni. Kituo kikapiga wizarani. Wizara ikauliza kama kusuka ni kusema.

"Anamsuka mtindo gani?" sauti ya Waziri ikatoka kwenye simu.

"Naona kama ni twende kilioni, afande."

"Hilo si tamko la kisiasa?"

"Ni mistari ya kurudi nyuma tu, afande."

"Usikate simu. Tunaita kikao."

Konstebo akabaki ameshika simu sikioni, akisubiri. Jua lilikuwa kali. Bwana Zomboko akamletea kiti. Kabula alichana, akapaka mafuta, akagawa nywele kwa ncha ya kitana. Alivuta kwa nguvu na Nyamizi hakulalamika; alikuwa ameegemeza kichwa kwenye paja la dada yake, macho amefumba, machozi yanashuka kuelekea sikioni. Mstari baada ya mstari, pole pole, mpaka kichwa kikakaribia kukamilika, ukabaki msuko mmoja nyuma ya sikio la kushoto.

Kabula aliushika ule msuko. Akamtazama Konstebo, ambaye bado alikuwa akisubiri kwenye simu. Kisha akaanza kuifumua mistari yote, mmoja mmoja, akachukua kitana, akaanza kusuka upya.